Habari ileile kila mahali: nani bado anatoka kwenda kuitafuta?

Msomaji wa Jioni ameandika:

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna jambo linanikera muda sasa, naomba mnisaidie. Mimi si mwandishi wa habari, ni msomaji tu, ila ni msomaji mbishi, yule wa kusoma mpaka mstari wa mwisho. Juzi taasisi moja ya umma ilitoa ripoti yake ya mwaka. Nikafungua tovuti ya gazeti la kwanza, la pili, la tatu, nikapitia na redio inayoweka habari zake mtandaoni. Kote nimekuta maneno ya mkurugenzi yaleyale, yamekatiwa palepale, na jina la msaidizi wake limekosewa herufi ileile. Herufi ileile, jamani! Watu wanne waliokaa ofisi nne hawawezi kukosea herufi moja kwa bahati.

Nikasema ngoja niitafute ripoti yenyewe. Ipo, iko wazi, yeyote anaipakua. Kurasa za mbele zinatamba kwamba malalamiko ya wananchi yamepungua sana. Ukienda nyuma kabisa kwenye viambatisho, chini ya jedwali moja, kuna maandishi madogo yanayosema baadhi ya matawi hayakuwasilisha takwimu zao mwaka huu. Sasa malalamiko yamepungua, au yameacha kuhesabiwa? Hakuna chombo hata kimoja kilichouliza. Mimi nimejilaza na simu yangu nimeliona, wao wanaolipwa kwa kazi hiyo hawakuliona.

Nina maswali mawili. Hawa waandishi wamekuwa wavivu, au kuna kitu kimeharibika huko ndani ambacho sisi wa nje hatukioni? Na msomaji wa kawaida atajuaje kwamba habari hii mtu ameihangaikia, na ile imenakiliwa tu?

Nyundo amejibu:

Uvivu tu, mkuu, usitafute mchawi. Zamani mwandishi alichakaza viatu, siku hizi anachakaza chaja. Anasubiri mtu maarufu aandike mistari miwili mtandaoni, anapiga picha ya skrini, anaweka kichwa cha habari "Wananchi wacharuka". Hao wananchi ukiwahesabu ni wachangiaji watatu, na mmoja anatangaza dawa ya kuotesha nywele.

Mhariri Mstaafu amejibu:

Nyundo umenichekesha, lakini sikubaliani nawe. Nimekaa dawati la habari miaka mingi kabla ya kustaafu. Wavivu walikuwepo na wapo, kama ilivyo kwenye kazi yoyote. Ila mvivu hawezi kupandisha habari saba au nane kwa zamu moja, na hicho ndicho vijana wengi wanachodaiwa leo. Wanachapa kazi kutwa nzima. Tatizo ni kwamba kazi wanayopewa si kutafuta habari, ni kuzipitisha.

Mleta uzi, nikueleze inavyokwenda. Asubuhi kuna kikao cha wahariri. Enzi zetu mwandishi aliulizwa "una nini?", maana yake umerudi na nini kutoka huko nje. Siku hizi ukutani kuna skrini inayoonyesha habari ipi inasomwa na wangapi sasa hivi, na swali limekuwa "wenzetu wameshaweka, sisi mbona hatuna?" Kijana anapewa nusu saa. Kwa nusu saa utafanya nini? Utafungua barua pepe ya taasisi, utanakili maneno ya mkurugenzi, utageuza aya ya kwanza isifanane sana na ya jirani, utapandisha, utaanza nyingine. Viambatisho atavisoma saa ngapi? Na ile herufi yako, naweza kukuapia kwamba ilikosewa na ofisi ya habari ya taasisi yenyewe. Waliobaki wameipokea ilivyo.

Hili limewahi kupimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichambua habari 2,207 za ndani zilizochapishwa mwaka 2006 na magazeti makubwa ya Uingereza. Asilimia 60 zilitokana zote, au kwa sehemu kubwa, na mashirika ya habari au taarifa za maofisa uhusiano. Zile ambazo kila kitu ndani yake kilitafutwa na mwandishi mwenyewe zilikuwa asilimia 12. Zingatieni kwamba huo ni mwaka 2006, watu bado wananunua karatasi, na mengi ya magazeti hayo yalikuwa ya kuheshimika, si ya udaku.

Chanzo ni hela, ingawa si kwa namna watu wanavyodhani. Gazeti halikuwahi kuishi kwa habari. Liliishi kwa matangazo, tena yale madogomadogo ya nyumba inapangishwa, gari linauzwa, dereva anahitajika. Mtu aliyenunua gazeti ili atafute kazi alikuwa anamlipa, bila yeye kujua, mwandishi aliyeshinda mahakamani. Mwaka 1995 Craigslist, huduma ya matangazo madogomadogo ya mtandaoni, ikaanza kule San Francisco, na taratibu matangazo hayo yakawa bure. Google na Facebook wakaja kuchukua yaliyobaki. Marekani peke yake, matangazo ya magazeti yaliingiza zaidi ya dola bilioni 49 mwaka 2005. Kufikia 2020 hayakufika hata bilioni 10. Watu nao wakaondoka. Kwa hesabu za Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, vyumba vya habari vya magazeti nchini humo vilikuwa na watu wapatao 71,000 mwaka 2008, na mwaka 2020 wamebaki kama 31,000.

Sasa ukiambiwa upunguze zaidi ya nusu ya watu, unaanza na nani? Huwezi kuanza na anayejaza kurasa, maana kesho gazeti halitatoka. Unaanza na yule ambaye haonekani akifanya kitu. Yule anayekaa kwenye kikao cha baraza la mji kuanzia asubuhi, anasikiliza mabishano ya mitaro na vibali vya ujenzi, halafu anarudi jioni hana hata mstari mmoja. Kwenye hesabu za mhasibu huyo ni hasara. Lakini mimi nikiziangalia habari kubwa zinazosifiwa, karibu zote zilianzia kwa mtu wa aina hiyo, kwa sababu tu alikuwepo siku ambayo wengine hawakuona haja ya kuwepo.

Chukueni Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani. Kila mtu anamkumbuka mtoa siri wa kwenye gereji. Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Jumamosi ya Juni 17, 1972, Bob Woodward wa gazeti la Washington Post, kijana asiyejulikana na mtu, alitumwa mahakamani kusikiliza shauri la watu waliovunja ofisi usiku. Hakimu akamuuliza mshitakiwa mmoja, James McCord, serikalini alikuwa idara gani. McCord akajibu kwa kunong'ona, CIA, yaani shirika la ujasusi. Woodward alikuwa amekaa mbele, akalisikia. Mnong'ono haujawahi kuingia kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Au gazeti la Boston Globe la Marekani na mapadri wa Kikatoliki waliodhalilisha watoto. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na si kwa ajili ya tuzo. Timu yao ya uchunguzi ya watu wanne ilichukua vitabu vya mwaka vya jimbo, vile vinavyoorodhesha kila padri na parokia yake, wakavipanga miaka kwa miaka. Padri huyu mwaka huu yuko parokia fulani, mwaka unaofuata ameandikwa "likizo ya ugonjwa". Baada ya muda yuko parokia nyingine, halafu "hajapangiwa kazi". Wakaingiza jina kwa jina kwenye kompyuta mpaka mtindo ukajionyesha wenyewe. Vitabu vile havikuwa siri, vilikaa kwenye rafu miaka yote. Pembeni, mawakili wa gazeti walikuwa wanapigania mahakamani nyaraka zilizofungwa zifunguliwe. Habari ya kwanza ilitoka Januari 6, 2002, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameandika karibu 600. Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mwenye gazeti. Waandishi wanne wa kiwango cha juu, wanalipwa, miezi inapita, na wanachofanya ni kufunua vitabu vya orodha ya mapadri. Skrini ya ukutani ingewaonyesha ni sifuri.

Na palipokosa mtu wa kukaa kwenye kikao mambo huenda hivi. Bell ni mji mdogo huko California, watu kama 37,000, wengi wao hali zao duni. Hakukuwa na chombo chenye mwandishi wa kuhudhuria vikao vya baraza lake. Mwaka 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walikuwa wanafuatilia mambo ya mji jirani, Maywood, yakawapeleka Bell, wakaomba nyaraka za mishahara. Wakakuta meneja wa mji, Robert Rizzo, analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, wakati mshahara wa rais wa nchi ni 400,000. Madiwani, ambao kazi yao ni ya muda mfupimfupi, walikuwa wanachukua karibu 100,000 kila mmoja. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Lakini ulaji ule ulikwenda miaka kadhaa kabla mwandishi yeyote hajabisha hodi, na aliyebisha alikuwa amekuja kwa shughuli ya jirani.

Kwa hiyo, mleta uzi, kilichoondolewa ni ule muda ambao mwandishi hatoi kitu. Bila huo kinachobaki ni kunakiliana.

Dada wa Uhusiano amejibu:

Mzee, shikamoo. Mimi ndiye niliye upande wa pili wa hiyo barua pepe, acha niongezee kutoka huku.

Nilianza kazi ya uhusiano nikiwaogopa waandishi. Ukituma taarifa, simu inalia ndani ya saa moja: "Hii asilimia umeipata wapi? Mwaka juzi ilikuwa ngapi? Mbona hamjataja mkandarasi?" Nilikuwa naandaa karatasi ya majibu kabla sijabonyeza kutuma. Siku hizi siandai. Natuma taarifa ikiwa na kichwa cha habari, picha yenye maelezo chini yake, nukuu mbili za bosi, moja ndefu na moja fupi ya kuwekwa kwenye kisanduku, na video ya sekunde kadhaa kwa ajili ya mitandao. Baadaye naiona imetoka jinsi nilivyoiandika, juu yake kuna jina la mwandishi ambaye hatujawahi kuongea.

Na nukuu, niwaambie ukweli, mara nyingi bosi hajayatamka maneno yale. Nayaandika mimi, anayasoma, anasema sawa. Ndiyo maana wakurugenzi wote wanaongea kwa sauti moja, "tunayo furaha kubwa", "tumejipanga kikamilifu". Sidanganyi mtu, hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nachagua cha kuweka mbele na cha kuweka nyuma, basi. Kile kijimstari chini ya jedwali alichokiona mleta uzi, ningekuwa mimi ningekiweka palepale kilipo. Kipo, hakuna atakayesema kimefichwa, na nina uhakika mkubwa hakuna atakayefika.

Mwingine atauliza, mbona hawa wanaohama kutoka uandishi kuja uhusiano ni wengi hivi? Mshahara, mzee. Waliokuwa wakinisumbua kwa maswali leo ni wenzangu ofisini, na wanajua kabisa swali lipi lingeuma, kwa hiyo wanaandika taarifa isiyolifungulia mlango.

Mpekua Makabati amejibu:

Mhariri, heshima yako. Ila naona uzi unaelekea kule kwenye "enzi zetu", na mimi huko siendi. Nasoma magazeti ya zamani kwa kazi yangu, na nawahakikishia kwamba zamani hiyo ya dhahabu sijaikuta popote.

Walter Duranty alikuwa mwandishi wa New York Times mjini Moscow, na mwaka 1932 alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani. Mwaka uliofuata, mamilioni wakifa njaa Ukraine, yeye aliandika kwamba hakuna njaa. Alikuwa na mshahara, muda, nyumba, na vyanzo vya juu kabisa. Hakuna skrini wala kliki iliyomlazimisha. Tukisogea karibu zaidi, kabla ya vita vya Iraq vya 2003 magazeti yenye waandishi kibao na bajeti nono yalibeba madai ya silaha za maangamizi kutoka kwa maofisa na wakimbizi waliokuwa na ajenda zao. Mei 26, 2004 New York Times ililazimika kuwaandikia wasomaji wake kwamba habari zake hazikuwa na umakini uliotakiwa. Kwa hiyo pesa na muda havitoshi kuleta kina. Unaweza kunakili ikulu kwa kituo na mkato, ukaitwa mwandishi mkubwa.

Na upande wa pili, leo kuna kazi ambazo kizazi chenu kisingeweza kuzifanya. Nyaraka za Panama mwaka 2016, zilizovuja kutoka kampuni ya mawakili iliyowafungulia matajiri kampuni za nje za siri: nyaraka milioni 11.5, waandishi zaidi ya 370 wa nchi mbalimbali, wote wakanyamaza mpaka siku ya siku. Waziri mkuu wa Iceland akaachia ngazi. Au ile video iliyosambaa 2018 ya wanawake wawili na watoto wao wakiuawa na wanaume wenye sare. Serikali ya Kamerun ikasema ni uzushi. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, wakishirikiana na wachambuzi wa mtandaoni, wakachukua umbo la milima iliyoonekana nyuma kwenye video, wakalioanisha na milima halisi ya kaskazini mwa Kamerun. Wakatazama picha za setilaiti kuona nyumba ipi ilikuwa imejengwa na ipi bado, wakapata kipindi. Wakapima kivuli cha askari anayetembea, wakakadiria tarehe. Baadaye wanajeshi kadhaa wakahukumiwa kifungo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyikia mbele ya kompyuta, bila kuchakaza kiatu, Nyundo.

Nyundo amejibu:

Hapo kwenye kivuli nimenyoosha mikono. Ila yule wa "Wananchi wacharuka" naye ana kompyuta.

Mhariri Mstaafu amejibu:

Mpekua, pingamizi lako ni zito, na nusu yake naichukua. Nusu nyingine nakurudishia, kwa sababu mwaka huohuo wa Duranty kulikuwa na kijana kutoka Wales, Gareth Jones, umri wake miaka 27. Machi 1933 alipanda treni ya kwenda Kharkiv, akashuka kabla ya kufika, akatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akilala kwa wakulima na kuwauliza wanakula nini. Akatoka, Machi 29 akawaeleza waandishi mjini Berlin alichokiona. Siku mbili baadaye Duranty akamkanusha kwenye gazeti lake. Mmoja alikuwa na vyanzo vya juu, mwingine alikuwa ameona matumbo ya watoto yaliyovimba kwa njaa. Kwa hiyo sisemi muda na pesa vinatosha. Nasema vikiondoka, hata yule mwenye nia ya kutembea hapati nauli.

Hiyo kazi ya milima na vivuli naivulia kofia. Lakini nayo ni saa nyingi za watu wanaotazama picha na hawaandiki kitu. Nani anaweza kuzilipa? Mashirika machache makubwa, na yatachagua mauaji na mabilioni, ndivyo inavyopasa. Mitaro ya mji wenye watu 37,000 haitakaa ifike kwenye orodha yao. Juu kuna kazi nzuri pengine kuliko wakati wowote. Huku chini ndiko kumebaki kutupu, na mtu wa kawaida anaishi huku chini.

Wala usidhani natetea majengo makubwa na mitambo. Carlos Cardoso wa Msumbiji alikuwa na nini? Gazeti lake, Metical, lilikuwa karatasi zinazotumwa kwa faksi kwa waliolipia. Kwa faksi! Wafanyakazi wachache, rangi hakuna, picha hakuna. Akang'ang'ania wizi wa dola milioni 14 katika Banco Comercial de Moçambique, uliofanyika 1996, toleo baada ya toleo, akitaja majina, akiuliza kwa nini kesi haisogei. Novemba 22, 2000 wakamuua kwa risasi Maputo akitoka ofisini. Alichokuwa nacho ni wasomaji wachache waliolipia habari yenyewe badala ya matangazo ya magari. Nikiulizwa ni njia ipi inaweza kurudisha mtu kwenye kikao cha baraza, mimi naiona hiyo kabla ya nyingine zote. Ila haitoshi kwa kila mji, na walio maskini ndio watakaokosa. Hapo sina dawa, na ninaowasikia wakisema wanayo huwa wanauza programu ya kompyuta.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kunakili, halafu niwaachie. Machi 2009 alipofariki Maurice Jarre, mtunzi wa muziki wa filamu, mwanafunzi mmoja wa Dublin alitunga nukuu nzuri kuhusu maisha na muziki, akaipachika Wikipedia kana kwamba marehemu aliisema. Alitaka kuona itafika wapi. Ikatua kwenye tanzia za magazeti ya nchi kadhaa, likiwemo Guardian la London. Wahariri wa Wikipedia, ambao hawalipwi, waliifuta kwa sababu haikuwa na chanzo. Magazeti yanayolipa watu hayakugutuka mpaka mwanafunzi mwenyewe alipoyaandikia, karibu mwezi mmoja baadaye. Msisitizo wangu uko kwenye hao wasiolipwa, waliouliza "hii imetoka wapi?" Ni swali la sekunde mbili, na mtu hahitaji bajeti ili aliulize.

Msomaji wa Jioni amejibu:

Ahsante sana mzee, na dada pia kwa kufunguka. Swali la kwanza limejibiwa kuliko nilivyotegemea. Naomba mrudi kwenye la pili. Nikiwa na habari mkononi, naangalia nini?

Mhariri Mstaafu amejibu:

Mimi huwa natafuta kwanza mtu ambaye asingependa habari ile itoke. Kama wote waliotajwa wamefurahi, hiyo ni taarifa ya mwenye shughuli, hata kama iko ukurasa wa kwanza. Kisha naangalia maneno yalipatikanaje. "Alisema katika taarifa yake" maana yake hakuna aliyeongea naye. "Aliliambia gazeti hili" ni afadhali, japo inategemea gazeti. Halafu natafuta kitu ambacho kisingeweza kuonekana kutoka ofisini: mlango ulikuwa na kufuli la rangi gani, daftari la wageni lilikuwa limeishia tarehe ngapi. Mwandishi aliyefika huwa hawezi kujizuia, lazima aingize kimoja.

Nyaraka nazo. Aliyeisoma ripoti atakuambia ukurasa, au atakuwekea ripoti yenyewe uikague. Asiyeisoma ataandika "ripoti imebainisha" na nambari zote atakazokupa utazikuta kwenye kurasa tatu za mwanzo. Jaribu uone.

Na ukiona chombo hakijawahi kuchapisha masahihisho hata siku moja, usidhani hakikosei.

Dada wa Uhusiano amejibu:

Naongeza moja ambayo sisi huku tunaijua vizuri. "Juhudi za kumpata msemaji hazikuzaa matunda." Mara nyingi nimeisoma hiyo nikiwa ofisini, simu iko mezani, haijalia. Au imelia mara moja, jioni watu wakiwa wanafunga, na habari imepandishwa kabla sijampata bosi. Mwandishi aliyenitafuta kweli huwa anaandika lini alipiga, alituma maswali gani kwa maandishi, na nilimjibu nini au sikujibu. Huyo nikimwona jina lake kwenye simu, nakaa sawa kabla ya kupokea.

Nyundo amejibu:

Dada, wamebaki wangapi wa hivyo kwenye simu yako?

Dada wa Uhusiano amejibu:

Wawili. Mmoja ameniomba nimtafutie kazi huku kwetu.